Siku Tisa za Kitani

Katika mwaka mzima, Pamfil Orbeanu alikuwa na siku tisa tu za kuzungumza na watu. Siku zilizobaki alizitumia kutazama mbingu, na mbingu haikuwa na neno kwake ila ngurumo ya injini moja iliyopita saa nne na nusu asubuhi, ikiwa Belgrade hakukuwa na mvua.

Alikuwa mlinzi wa kiwanja cha dharura cha Balta Lunga, kando ya mto Jiu. Kampuni ilirusha ndege kutoka Paris mpaka Bukareshti, ikipita juu ya mipaka ambayo miaka michache nyuma ilikuwa mahandaki yenye maiti. Ndege zenyewe zilikuwa za mbao na turubai, na marubani walikuwa vijana waliotoka vitani wakiwa hawajui kazi nyingine. Injini zilizima ovyo. Kwa hiyo Kampuni ilikodi viwanja njia nzima, na katika kila kiwanja iliweka kibanda, mapipa mawili ya petroli, mtu mmoja, na kitambaa cheupe.

Kitambaa ndicho kilichokuwa kazi yake. Kila asubuhi Pamfil aliinua kidole chenye mate kupima upepo, kisha akatandaza majanini vipande viwili vya turubai jeupe kwa umbo la msalaba usio na kichwa. Rubani akipata shida angeuona kutoka juu, na angetua kutoka mguuni mwa msalaba kuelekea mabegani. Miaka mitatu alitandaza. Miaka mitatu hakuna aliyetua. Rubani wa siku nyingi alikuwa Mfaransa, jina lake Vergnol, kama ilivyoandikwa kwenye karatasi za Kampuni. Pamfil alimjua kwa glavu tu, glavu ya kahawia iliyopunga mara moja pembeni mwa kiti na kutoweka upande wa Bukareshti.

Hakuwa na kwingine kwa kwenda. Mke na mtoto walikufa kwa homa ya chawa katika majira ya baridi ya ukimbizi, yeye akiwa hospitali ya jeshi na mguu uliopasuliwa mara nne. Kwao, milimani Buzău, alibaki kaka yake na shemeji aliyemwandalia chakula kwa kugonga masufuria. Kibanda cha Kampuni kilikuwa kidogo, lakini hakuna aliyegonga sufuria ndani yake.

Kila majira ya kuchipua, wiki chache kabla ya Pasaka, wanawake wa Balta Lunga walikuja kiwanjani kuanika kitani. Walikuwa wamekifuma majira yote ya baridi, na kilikuwa bado rangi ya vumbi. Walikichemsha kwa maji ya majivu, wakakipiga mtoni kwa vibao, wakakitandaza juani, wakakimwagia maji, kikakauka, wakakimwagia tena, siku tisa, mpaka kikawa cheupe hata jicho likauma. Kijiji kizima hakikuwa na majani yanayofaa kazi hiyo. Kila mahali mabata bukini walikuwa wamekunya. Kiwanja cha Kampuni ndicho pekee kilichokuwa na uzio, na majani yake Pamfil aliyakata mafupi na kuyalaza kwa gogo.

Kanuni ya kumi na moja ya Kampuni ilisema wazi: pasiwe na nguo nyeupe yoyote ndani ya hatua elfu moja kutoka kwenye alama. Pamfil aliisoma. Aliijua kama alivyojua jina lake. Mwaka wa kwanza aliwapimia wanawake hatua elfu moja kamili, akaketi mlangoni pake, akawa anasikia kelele tu, kelele za watu wasio na maneno. Mwaka wa pili aliwaacha wasogee mpaka hatua mia sita. Mwaka huu wa tatu alikwenda mwenyewe na vijiti, akapima mia tatu. Kutoka mia tatu, upepo ukiwa mzuri, alisikia kila neno.

"Pamfil!" Mama Dumitra alimwita asubuhi ya siku ya sita. Alikuwa mkubwa wao, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto. "Mkeo wa hewani amechelewa leo!"

"Atakuja."

"Atakuja, atapita! Mke gani huyo? Hakupikii, hakufulii, anakupungia mkono anakwenda kulala Bukareshti!"

"Angalau hanisemi, mama."

"Hakusemi kwa kuwa hakujui! Angekujua angekusema!"

Wakacheka wote wanane, na Pamfil akacheka nao, akiwa amesimama na mguu wake mbovu kando ya turubai lake kama mtu aliyealikwa harusini akaambiwa asimame mlangoni. Hakujali. Kutaniwa ni kuonekana.

Wa tisa hakucheka sana. Safta alikuwa mjane wa vita, mikono mirefu, mdomo mzito. Binti yake Anica alikuwa aolewe Jumapili ya kwanza baada ya wiki ya Pasaka, na shuka za kuhamia kwa mume zilikuwa ndizo hizo zilizolala majanini. Siku ya kwanza Safta alifika amechelewa, wenzake wamekwisha tandaza vipande vyao virefu ubavu kwa ubavu, na nafasi imekwisha. Alimjia Pamfil na mzigo begani.

"Niweke wapi, kaka?"

Pamfil alitazama. Angeweza kumwelekeza mtoni. Badala yake alionyesha upande wa karibu na kibanda, kwenye vichwa vya vile vipande. "Hapo. Vilaze kwa kukingama."

Ndivyo alivyosema. Alitaka Safta awe karibu. Na Safta akavilaza kwa kukingama, kisha mchana akamletea bakuli la maharage na vitunguu, kwa kuwa ilikuwa Kwaresima, na ugali wa mahindi uliofungwa kwenye kitambaa, ungali na joto. Siku ya pili akaleta tena. Walikula wakiwa wamekaa kwenye pipa la petroli, wakizungumza juu ya kuku wake, juu ya mkwe mtarajiwa aliyekoroma mpaka majirani wakajua, juu ya mambo yasiyo na uzito. Miaka saba Pamfil hakuwa amezungumza mambo yasiyo na uzito na mwanamke.

Siku ile ya sita ndege ilikuja saa tano, chini kuliko kawaida, ikikohoa.

Pamfil aliisikia kabla ya kuiona. Injini ilishika, ikaacha, ikashika. Moshi mweusi ulikirudia kioo cha mbele, na Vergnol alikuwa ametoa kichwa nje pembeni, miwani yake imepakwa oili. Pamfil alianza kukimbia, kukimbia kwa kiwete, akipunga mikono kuelekea turubai lake. "Huku! Huku!" Nani angemsikia? Rubani alitafuta cheupe, na cheupe alikiona: si hicho kidogo cha Kampuni, bali kikubwa, vipande vinane vya mguu mmoja mnene na mabega mapana juu yake, vyeupe kwa kazi ya siku sita, vinang'aa kwa maji. Msalaba usio na kichwa, mkubwa kuliko wowote aliowahi kutandaziwa tangu Paris.

Akaushukia.

Wanawake walitawanyika wakipiga yowe. Magurudumu yaligusa majani ambayo siku sita yalikuwa yamenyweshwa ndoo kwa ndoo, yakazama, na ndege ikasimama kwa pua, mkia juu, rafadha ikavunjika vipande viwili. Sanduku moja lilipasuka ubavuni, na kofia za mabibi wa Bukareshti, za manyoya, za hariri, za maua ya bandia, zikaviringika matopeni kati ya kitani.

Kisha kimya. Ndani ya kimya hicho mtu alianza kutukana kwa Kifaransa, polepole, kwa utaratibu, na Mama Dumitra akajifanyia ishara ya msalaba akasema, "Mzima."

Walimfungua mikanda, akaangukia mikononi mwao. Alikuwa kijana kuliko Pamfil alivyowaza, pua imevuja damu, meno mabovu. Miaka mitatu Pamfil alikuwa amepanga atakachomwambia siku wakikutana. Sasa alisimama mbele yake na hakukumbuka hata neno moja.

"Wewe mtu wa kitambaa?" Vergnol aliuliza kwa Kiromania kilichovunjika.

"Mimi."

Mfaransa alimtazama kutoka kofia mpaka buti. "Mdogo. Nikiwa juu, naona mtu mrefu." Kisha akageuza kichwa, akaona turubai la Kampuni kule lilikolala, akaona kitani chini ya miguu yake, akaelewa. Alimpigapiga Pamfil begani, akaketi juu ya tope, akaanza kucheka huku machozi yakimtoka. Jioni gari la maksai lilimpeleka stesheni na mifuko yake ya barua. Hakupunga mkono, mkono ulikuwa umefungwa bandeji.

Ndege ilikaa pale siku mbili na mkia wake juu. Wanawake walikifua upya kitani kilichochafuka, wakakianika tena kwa woga, na utani ulikuwa umekwisha.

Siku ya tatu alifika mkaguzi wa Kampuni kutoka Bukareshti, Bwana Teodoru, pamoja na sajenti wa polisi wa wilaya. Teodoru hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyesafiri usiku kucha kwenye behewa lisilo na joto na sasa alitaka jambo moja: jina la kuandika. Waliweka meza mbele ya kibanda. Sajenti akaweka juu yake msalaba mdogo wa shaba, ule wa viapo, akawapanga wanawake mstari mmoja.

"Kanuni ya kumi na moja," Teodoru alisema. "Mlinzi aliwaruhusu kutandaza hapa, au hakuwaruhusu? Kama aliruhusu, hana kazi kuanzia leo. Kama hakuruhusu, basi mmeingia kwenye ardhi ya Kampuni bila ruhusa, na hilo ni shauri la sajenti."

Pamfil alifungua mdomo. Lakini Mama Dumitra alikuwa amekwisha kusogea mbele, ametia kiganja juu ya msalaba.

"Aturuhusu? Yeye?" alifoka. "Ametufukuza kama kuku, bwana! Kila siku anatufukuza na fimbo. Tuliingia alipokwenda stesheni kuchukua simu ya maandishi ya hali ya hewa. Naapa kwa msalaba huu na Pasaka iliyo mbele yetu."

Teodoru akaandika. Wa pili akaapa. Wa tatu. Hawakutazamana, na hakuna aliyemtazama Pamfil. Walipita mmoja mmoja kama wanaokwenda kubusu picha takatifu, wakaweka kiganja, wakasema uongo uleule kwa maneno tofauti. Wa nne alisema Pamfil alimrushia bonge la udongo. Wa tisa alikuwa Safta. Aliweka mkono wake mrefu juu ya shaba na kusema kwa sauti ya chini, "Alitukataza. Naapa."

Pamfil alikuwa amesimama kando ya mlango wake. Aseme? Akisema, kibanda kimekwenda, na siku tisa zimekwenda, na kilichobaki ni sufuria za shemeji. Akinyamaza, atakaa. Alinyamaza. Mpaka mwisho wa maisha yake alijua alinyamaza muda gani: muda wa mtu kuandika mistari sita na kukausha wino.

"Vema," Teodoru alisema. "Mlinzi anabaki. Sajenti?"

Sajenti akajikohoza. "Kitani kinachukuliwa. Ni ushahidi. Kitakwenda Craiova mpaka shauri litakaposikilizwa."

"Lini?" Safta aliuliza.

"Vuli, labda. Mahakama ina mambo mengi, dada."

Hakulia. Aliinama tu, akaanza kukunja shuka za Anica, pembe kwa pembe, kama mtu anayemkunjia mgeni, na sajenti akanyoosha mikono kuzipokea. Shuka ya kwanza. Ya pili. Ya tatu ilikuwa na mstari mwekundu uliofumwa pindoni, na vidole vya Safta vilipita juu ya mstari huo mara moja kabla ya kuuachia.

"Mimi niliwaruhusu," Pamfil alisema.

Teodoru aliinua kichwa.

"Nilipima mwenyewe. Hatua mia tatu, vijiti bado viko pale. Hizi za kukingama nilionyesha mimi zilazwe wapi. Warudishie nguo zao."

"Nyamaza, mjinga wewe!" Mama Dumitra alinong'ona akikaza meno.

"Sinyamazi. Mimi si mtu wa kufichwa nyuma ya sketi za wanawake. Nilifanya, na nilijua kanuni. Andika."

Teodoru alimtazama bila hasira, kama fundi anayetazama kifaa kilichokuwa kinafaa. Akairarua karatasi ya kwanza. Akaandika nyingine, fupi. Mlinzi mpya angefika Jumamosi. Mpaka hapo Pamfil aendelee kutandaza alama. Shuka zikarudi mikononi mwa Safta. Lakini sajenti hakuwa amemaliza. Alikuwa amechukua msalaba wake, anaupangusa kwa mkono wa koti, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Basi wanawake tisa," alisema, "wameapa uongo juu ya huu. Katika Kwaresima. Kosa la mahakama nitalifumbia jicho, nina mama mimi pia. La kasisi siwezi."

Pamfil aliwaona wakikusanya kitani chao chote, kikiwa bado kimelowa, wakakipakia migongoni na kutoka langoni mmoja baada ya mwingine. Mama Dumitra alikuwa wa mwisho. Alipofika mbele yake alisimama, na Pamfil akangoja atukanwe. Hakutukanwa. Alipita.

Siku zilizofuata walianika upande wa juu wa mto, nyuma ya miti ya mipopla, kati ya mavi ya mabata. Alisikia vibao vikipiga nguo. Maneno hakuyasikia.

Ijumaa alasiri Safta alikuja, peke yake, mikono mitupu. Pamfil alikuwa anafunga vitu vyake kwenye gunia la jeshi: viatu, wembe, blanketi. Alimpa kiti. Hakukaa.

"Kasisi ametukatia Komunyo," alisema. "Wote tisa, mpaka Pentekoste. Usiku wa Pasaka tutasimama nje, mbele ya kijiji kizima, na mishumaa yetu. Mama Dumitra ana miaka sabini na miwili, hajakosa Pasaka hata mwaka wa Wajerumani."

"Nilitaka urudishiwe shuka za mtoto."

"Nimerudishiwa."

"Basi?"

"Basi nini? Nikushukuru?" Sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza tangu amjue. "Ulidhani tuliapa kwa ajili gani, wewe? Kwa kuwa tunapenda moto wa jehanamu? Tulikaa kwangu jioni ile kabla ya mkaguzi kuja, wote tisa, tukakubaliana. Tulijua watachukua kitani. Sajenti ni binamu ya Floarea mwenzetu, alituambia mapema. Tulisema, sawa, kiende. Anica angehamia na shuka zangu kuukuu. Tukafume upya, mikono tunayo. Lakini yule mtu abaki."

Pamfil alikuwa ameshika blanketi, hajui aliweke wapi.

"Abaki," alirudia.

"Ndiyo, abaki. Ulifikiri tunakuja hapa kwa ajili ya majani tu?"

"Hukuniambia."

"Ningekuambia lini? Ukiitwa unatazama juu. Ukila unatazama juu. Mtu akizungumza nawe ni kama anazungumza na shingo." Alijifuta pua kwa kiganja, kwa hasira. "Na siku moja tu ulipotazama chini, ukajifanya shujaa."

Upepo uligeuka nje. Pamfil alilisikia turubai likipiga majani na hakwenda kulirekebisha. Aliuliza, na kuuliza kulimgharimu kuliko kusimama mbele ya meza ya Teodoru:

"Nikibaki? Si hapa. Kijijini. Nakata kuni, natengeneza viatu..."

Safta alifikiri. Alifikiri kweli, na Pamfil aliuona uso wake ukienda mpaka kwenye jambo hilo na kurudi.

"Mwaka huu hapana," alisema. "Nikikufungulia mlango mimi, wale wanane watasema walifungiwa kanisa ili Safta apate mume. Siwezi kuishi nalo hilo. Wala wewe."

Alinyoosha mkono. Walishikana mikono kama wanaume sokoni, mara moja, kwa nguvu. Akaenda.

Jumamosi mlinzi mpya alifika, mtu mnene kutoka Turnu, mwenye mbwa. Pamfil alimwonyesha pampu, mapipa, upepo unakotoka asubuhi. Kisha akatembea kilomita saba mpaka stesheni, gunia begani.

Treni ya Craiova ilikuwa imejaa watu wanaokwenda kwao kwa Pasaka. Behewa la daraja la tatu lilinuka vitunguu saumu na kondoo, na mwanamke mmoja alikuwa na mwanakondoo hai amefungwa miguu mapajani pake. Alimwona Pamfil amesimama kwa mguu mmoja, akamhurumia.

"Na wewe, kaka, unakwenda kwa nani?"

Pamfil alitaka kusema kwa kaka yangu, Buzău. Maneno yalikuwa tayari mdomoni.

"Natoka," akasema. "Natoka mahali walikotaka nibaki."

Mwanamke hakuelewa. Lakini alimsogeza mwanakondoo, akampa nafasi ya kukaa.